Umeme wa banda la nyuma: waya wa 2.5 na nondo havitoshi

SWALI

Fundi, salaam kutoka Kibosho.

Nyuma ya nyumba nina banda la gari ambalo siku hizi gari halilali humo. Mimi na kijana wangu tunachomelea mageti na madirisha. Ukifuata njia ya kupita, kutoka kwenye DB (sanduku la breka) ya nyumba hadi bandani ni mita 42, na katikati kuna migomba na mfereji wa maji tunaotumia pamoja na majirani. Vifaa vyetu ni mashine ya kuchomelea ya inveta (kibao chake kimeandikwa I1max A 32 na I1eff A 20), kompresa ya hp 2, grenda ya inchi 9 na taa nne za LED.

Kwa sasa tunatumia waya wa 2.5 wenye nyuzi mbili, umechomekwa kwenye soketi ya jikoni na kupitishwa juu ya ua. Tukichomelea, taa za nyumbani zinafifia na kijiti kinanata kwenye chuma. Jioni kompresa inanguruma tu, haizunguki. Na mvua ikinyesha, ukigusa tangi la kompresa ukiwa pekupeku unahisi kama sindano zinakuchoma vidoleni.

Fundi wa hapa kijijini anashauri tuongeze waya mwingine wa 2.5 uende sambamba na huo, tuupitishe kwenye paipu ya maji kina cha jembe, kisha tupigilie nondo kando ya banda iwe ethi. Anasema pia tukiunganisha nyutro na hiyo ethi ndani ya banda, ethi itakuwa kali. Mama Glory amekataa tusianze mpaka tukuulize. Je, fundi yuko sahihi? Na TANESCO wanaweza kutuwekea LUKU ya pili kwa ajili ya banda?

Baba Glory, Kibosho

JIBU

Baba Glory, salaam zimefika, na mshukuru Mama Glory kwa niaba yangu.

Kabla ya yote, chomoeni huo waya jikoni leo, wala msiurudishe hata kwa kazi ya dakika tano. Hizo sindano ni umeme unaovuja kutoka kwenye mota au kwenye waya uliolowa, na kwa kuwa waya wenu una nyuzi mbili tu, mwili wa kompresa hauna ethi kabisa. Umeme unamsubiri mtu awe njia. Leo unachoma vidole kwa sababu unavuja kidogo. Siku insulesheni ya mota itakapokufa, tangi zima litakuwa na volti 230 na hakuna breka itakayoshuka.

Sasa kufifia kwa taa. Msinunue kebo kabla ya kupima, maana ugonjwa unaweza kuwa mbele ya mita yenu. Pima volti kwenye DB ya nyumba jioni, kila kitu kikiwa kimezimwa. Kisha washa vitu vizito vya ndani kwa pamoja, jiko la umeme, pasi na birika, upime tena. Ikiwa ilikuwa 228 ikabaki 220, laini ya TANESCO ni nzima na tatizo lote ni waya wenu. Ikishuka hadi 200 au chini ya hapo wakati mzigo uko ndani ya nyumba tu, basi laini ya kijijini au maungio ya nguzoni ndiyo dhaifu, na hata mkizika kebo nene kama mkono haitasaidia. Hapo mnatoa taarifa TANESCO kwanza.

Tuseme nyumba iko sawa. Mashine ya kuchomelea ikivuta A 32 (hiyo ndiyo I1max, umeme mwingi kabisa inaoweza kuvuta) na kompresa A 10, kilele chenu ni A 42. Kebo haiishii kwenye mita 42: kuna kupanda ukuta, kuingia kwenye DB na kuzunguka kona, kwa hiyo hesabu mita 48 na ununue 50. Waya wa shaba wa mm 2.5 za mraba hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea katika kila mita moja ya njia, kwenda na kurudi zikiwa zimeshahesabiwa. Zidisha 18 kwa 42 kwa 48, gawanya kwa 1,000: unapata volti 36. Nyumbani kukiwa na 230, bandani inafika 194. Jioni nyumbani kukiwa na 210, bandani mna 174. Nguvu ya mota ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwa volti 174 kompresa inabaki na asilimia 57 tu ya nguvu yake ya kuamka. Ndiyo maana inanguruma, na kila sekunde inayonguruma bila kuzunguka inachoma waya wake wa ndani. Volti 36 kwa A 42 ni wati 1,500 zinazopotea njiani kama joto: mmewasha birika juu ya ua, na LUKU inalihesabu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, mm 4 inapoteza volti 22, mm 6 inapoteza volti 15, mm 10 inapoteza karibu volti 9, na mm 16 inapoteza volti 5.6. Kikomo kinachotumika kwa vifaa vya kazi ni asilimia 5, yaani volti 11.5. Kwa hiyo jibu lenu ni mm 10. Nyuzi mbili za 2.5 sambamba ni sawa na mm 5, bado hazifiki, na zina hatari yake: moja ikilegea kwenye skrubu, mzigo wote unahamia kwa mwenzake na breka haijui.

Nunueni kebo ya amadi, ile yenye ganda la nyuzi za chuma, nyuzi tatu za shaba za mm 10: fezi, nyutro na ethi. Msikubali ya nyuzi mbili kwa hoja kwamba chuma cha nje kitakuwa ethi. Kinaweza, lakini katika udongo wa migombani ulio na maji muda wote, chuma kikipata jeraha moja kinaliwa na kutu taratibu, na ethi inakufa bila mtu kujua. Dukani nendeni na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Uzi wa mm 10 halisi una nyaya ndogo 7, kila moja unene wa mm 1.35. Ukipima ukakuta 1.1, umeuziwa mm 6 na kitu yenye maandishi ya 10. Kwangua pia kwa kisu: ndani pakiwa peupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Angalia alama ya TBS, lakini kalipa ndiyo mwamuzi.

Mtaro uwe na kina cha sm 60, na mahali gari linapopita sm 75. Kina cha jembe hakifai, kwa sababu migomba haikai mahali pamoja: miaka mitatu ijayo mtu atachimba shimo la mche mpya juu ya kebo. Ardhi ya huko ina mawe ya volkano yenye ncha, na mawe hayo yakirudishwa mtaroni huua kebo kuliko jembe. Tandika mchanga uliochekechwa sm 10, laza kebo, funika na mchanga sm 10 nyingine. Kwa mtaro wa upana wa sm 30 na urefu wa mita 42 ni mita za ujazo 2.5 za mchanga. Juu ya mchanga panga matofali au vigae vilivyovunjika, rudisha udongo nusu, weka tepu ya onyo ya njano, kisha jaza. Kona zisiwe kali: kebo hii ina unene wa takriban sm 2, na mkunjo wake usiwe na rediasi iliyo chini ya sm 16.

Mfereji ni wa watu wengi, kwa hiyo anzeni na kamati ya mfereji au wazee wanaougawa, kabla ya sururu. Vukeni kwa chini, angalau sm 40 chini ya sakafu ya mfereji, kebo ikiwa ndani ya paipu nzito ya mm 50 inayopita mita moja kila upande wa kingo. Wakati wa kusafisha mfereji watu huchimba sakafu kwa jembe, nao hawatakumbuka kebo yenu, hivyo juu ya hiyo paipu mwageni zege la sm 10. Hapo pia msiunge kebo. Kwa kweli msiunge popote chini ya udongo. Mita 50 zinunuliwe kwa kipande kimoja, kwa sababu ungio la tepu likizikwa linanyonya maji masika ya kwanza.

(Kupitisha juu kwa nguzo inawezekana kwa waya wa alumini uliosokotwa wa mm 16, ambao upotevu wake unakaribiana na shaba ya mm 10. Lakini mnahitaji kimo cha mita 5 na zaidi pale gari linapopita, na migrivea ya Kibosho huangusha matawi kila upepo. Kwenu nachagua kuzika.)

Tuje kwenye ethi, ambako ndiko nina ugomvi na fundi wenu.

Nyumba nyingi za kwetu hupata fezi na nyutro kutoka nguzoni, na ethi hutafutwa hapo hapo nyumbani kwa kupigilia rodi. Rodi nzuri ya shaba ya mita 1.5, katika udongo wenye unyevu, inaweza kukupa omu 50. Sasa fezi ikigusa mwili wa mashine: volti 230 gawanya kwa 50 ni A 4.6. Breka ya A 40 itaona hizo A 4.6 kama taa chache zilizowashwa na haitashuka, leo wala kesho. Mashine itakaa na umeme mwilini, na udongo kuzunguka rodi utapata moto. Kwa hiyo hata rodi bora kuliko zote haikulindi peke yake ukiwa na breka za kawaida tu. Kinacholinda ni RCD, ile yenye kitufe cha T, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ya mA 30 hukata mara tofauti ikifika hapo, na kwa rodi ya omu 50 mwili wa mashine unakuwa na volti 1.5 tu kabla haijakatika.

Nondo haifai kwa sababu tatu: ina kutu tangu dukani, na kutu haipitishi umeme vizuri; pale inapobanwa na waya wa shaba, chuma huliwa haraka kwenye unyevu; na kwa kawaida hukatwa fupi, sm 60 hivi, ikaishia kwenye udongo wa juu unaokauka Januari na Februari. Pigilieni rodi ya shaba yenye unene wa mm 16 na urefu wa mita 1.5 karibu na banda, upande wenye unyevu, na kichwa chake kikae kwenye kisanduku chenye mfuniko ili kiweze kukaguliwa. Ikigonga mwamba, hamieni pembeni badala ya kuikata. Moja isipotosha ongezeni ya pili umbali wa mita 3. Msimwage chumvi, inasafirishwa na mvua na kuila rodi. Kisha uzi wa tatu wa kebo uunganishe ethi ya nyumba na rodi hii, ziwe ethi moja.

Msiunganishe nyutro na ethi bandani kwa namna yoyote. Mkifanya hivyo, umeme unaorudi utagawanyika, mwingine upite kwenye nyutro na mwingine kwenye ethi, na RCD itashuka mara kwa mara mkiwa kazini. Fundi atakayekuja kutibu hilo ataiondoa RCD. Halafu siku nyutro ya kutoka nguzoni ikikatika, umeme wote wa nyumba utatafuta njia kupitia ethi hiyo, na mlango wa chuma wa banda, tangi na mashine vitapanda volti kwa pamoja.

Fundi anaweza kuwaonyesha kwamba ethi ni nzima kwa kuunganisha balbu kati ya fezi na rodi, iwake. Jaribio hilo halisemi kitu. Balbu ya zamani ya wati 60 ina ukinzani wa omu 880 hivi, na ukiiwasha kupitia rodi mbovu ya omu 100 bado inapata volti 206 na inawaka vizuri. Balbu ya LED itawaka hata kwa msumari. Dai kipimo cha mashine ya kupimia ethi, na kipimwe kiangazi. Kwa RCD ya mA 30 hesabu inaruhusu hadi omu 1,600 na kitu, lakini ikizidi 200 haiaminiki, kwani udongo ukikauka inapanda. Lengeni chini ya 100.

Upande wa nyumba, kebo itoke kwenye breka yake ya A 40 aina C (inayovumilia mshtuko mfupi wa kuwasha mota), isitoke kwenye soketi wala kwenye breka ya jiko. Kabla ya hiyo breka iwekwe RCD ya mA 100 aina S, yaani inayochelewa kidogo. Kazi yake ni kulinda kebo yenyewe: jembe likipenya ganda na kugusa fezi, breka peke yake haitashuka kwa sababu ile ile ya A 4.6. Na kuchelewa kwake ndiko kunakoifanya ile ya mA 30 ya bandani itangulie kukata. Mkiweka mbili za kawaida zitashuka kwa pamoja na mtatembea gizani hadi nyumbani kila mara.

Angalieni glandi, yaani kibanio cha kebo pale inapoingia kwenye sanduku. Kila ncha ya kebo iingie kwenye sanduku kwa glandi ya nje yenye mpira, inayobana nyuzi za chuma kuzunguka pande zote. Chini yake inakaa pete ya shaba yenye sikio la kufungia nati ya ethi. Mafundi wengi huiacha pete hiyo dukani, na chuma cha kebo kinabaki kikielea bila ethi. Jambo jingine la kusimamia kwa macho: uzi wa mm 10 hauingii kirahisi kwenye tundu la breka ndogo, na utamwona mtu akikata nyaya mbili kati ya zile 7 ili uingie. Mwambie aache. Mmelipia 10, mnabaki na 7 mahali pale pale penye joto kubwa. Chagueni breka yenye tundu la kutosha, au waya uvishwe lagi ya pini, yaani kofia ya chuma yenye ncha nyembamba, iliyobanwa kwa koleo lake. Skrubu zote zikazwe tena baada ya wiki mbili za kazi, umeme ukiwa umezimwa.

Bandani wekeni DB ya njia 6 yenye meni swichi ya A 63 inayokata fezi na nyutro, ikifuatiwa na RCD ya mA 30. Mashine ya kuchomelea ipate breka ya A 32, waya wa mm 6 na soketi ya buluu ya viwandani ya A 32. Plagi ya A 13 itayeyuka. Kompresa A 20 kwa mm 4, soketi za grenda A 20 kwa mm 2.5, taa A 6 kwa mm 1.5. Breka ya mashine iwe aina C. Kuna watakaowauzia aina D kwamba haisumbui kuwasha, lakini D ya A 32 inaweza kuhitaji hadi A 640 ili ikate papo hapo, na mwisho wa kebo ndefu kwenye laini ya kijijini shoti linaweza lisifike hapo.

Kabla udongo haujarudi, kebo ipimwe kwa mega (mashine ya kupimia insulesheni) ya volti 500, fezi kwa nyutro, na kila moja kwa ethi. Kebo mpya husoma mamia ya megaomu. Chini ya 1 ni mbovu, na kati ya hapo ulizeni kwa nini. Pigeni picha mtaro ukiwa wazi, na mwandike umbali wake kutoka kona ya nyumba. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwombe aionyeshe. Fundi wenu wa kijijini anaweza kuchimba na kulaza akisimamiwa. Ikikamilika mapema kabla ya masika ya Machi, mtaro hautajaa maji mkononi mwenu.

Kuhusu LUKU, kuomba ya pili mnaweza, lakini haitibu chochote kati ya haya, kwa sababu kebo haitafupika. Kwanza someni ampea kwenye uso wa mita mliyo nayo. Ikiwa kikomo ni A 60, na ndani mna hita ya kuogea ya kW 5.5 inayovuta A 24, basi hita na A 42 za bandani zinazidi kikomo. Kubalianeni nani anaoga saa ngapi. Sababu pekee ya maana ya mita ya pili ni bei. Kama nyumba iko D1, kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine ikivuta wastani wa kW 3 kwa saa mbili za moto halisi ni uniti 6 kwa siku. Siku 12 za kazi ni uniti 72, na bado hamjapika wala kuwasha taa. Nyumba itatoka D1, kwa hiyo pigeni hesabu ya mwaka mzima ya tofauti hiyo dhidi ya gharama ya kuunganishiwa mita mpya kabla ya kwenda ofisini kwao.